Jinsi ya Kudumu Ndani ya Fuliza: Mwongozo kwa Mkazi wa Eldoret

Inasimuliwa kwamba mwaka 1912, Standard Bank of South Africa ilipokuja kufungua tawi Eldoret, sefu yake ilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa nzito kupindukia, basi wakaiacha palepale na kujenga benki kuizunguka. Tangu hapo mji huu umezoea kupanga maisha kufuata mahali pesa zilipoangukia.

Zamani, kutumia pesa za benki kupita ulizoweka kulihitaji tai, hati ya shamba na meneja aliye katika hali nzuri. Januari 2019 Safaricom, pamoja na CBA (ambayo leo ni NCBA) na KCB, ilituondolea usumbufu huo kwa kuleta Fuliza. Sasa mtu akiwa na limiti, ambayo yaweza kufika Sh70,000, anatumia pesa asizo nazo huku amesimama kwenye foleni ya sukari.

Kuingia hakuhitaji mwongozo. Ugumu ni kudumu humo ndani, maana wako watu wasio na uvumilivu ambao hulipa mapema na kutoka. Zingatia hatua hizi usiwe kama wao.

1. Usikope kidogo

Tangu Oktoba 2022, ukifuliza hadi Sh100 hutozwi ada ya kila siku. Kuanzia hapo hadi Sh1,000, siku tatu za kwanza ni bure, kisha unalipa Sh3 au Sh6 kwa siku. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu anafuliza nauli ya kwenda Langas, kesho yake anauza sukuma wiki, analipa, na deni linakufa likiwa changa. Ukitaka kudumu, vuka Sh1,000. Hapo ada inaruka hadi Sh18 kwa siku, na ukipita Sh1,500 inakuwa Sh20.

2. Lenga daraja la wakubwa

Kuanzia Sh2,501 hadi Sh70,000, ada ni Sh25 kwa siku kwa wote. Hakuna usawa mwingine kama huu nchini. Mwenye deni la Sh2,600 kule Huruma hulipa kila siku sawasawa na tajiri wa Elgon View aliyefuliza Sh70,000. Fanya hesabu yake: ada ya kufungua ya asilimia 1, yaani Sh26, kisha Sh25 mara siku 30, jumla Sh776. Hapo ushuru wa serikali bado. Umelipa karibu asilimia 30 kwa mwezi mmoja, na hukuombwa hata picha ya pasipoti.

3. Nunua vya msimu kwa deni la kila siku

Hii ndiyo hatua yenye utamu wa Uasin Gishu. Mahindi hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba. Maziwa hulipwa kwa mwezi. Mwanariadha akishinda ng'ambo husubiri kwanza majibu ya vipimo vya dawa, ndipo aone zawadi. Pesa zetu huja kwa majira, lakini Fuliza huamka kila alfajiri kama jogoo. Kutumia Fuliza kununulia vitu vya msimu ni ustadi.

Chukua mbolea ya ruzuku. Mwaka 2022 serikali iliishusha hadi Sh3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka 2023 ikaishusha tena hadi Sh2,500. Sasa wewe fuliza hizo Sh2,500 zote. Ada ya kufungua Sh25, ada ya siku Sh20 mara siku 30 ni Sh600. Mfuko wako umefika Sh3,125. Serikali ilikupunguzia Sh1,000 mbele ya kamera, nawe umezirudisha Sh625 kimyakimya, na mahindi bado hayajafika magotini.

4. Lea limiti yako

Limiti hukua mfumo unapoona pesa zikipita. Kwa hiyo zipitishe. Tuma Sh500 kwa dada, dada akurudishie, umtumie tena. Kila safari ina ada ya kutuma, lakini limiti nayo si inapanda? Ikipanda, wajulishe wenzako kwenye kibanda cha chai. Useme "Limiti yangu ni elfu kumi na tano" kwa sauti ile ile ambayo babu yako alitumia kutaja idadi ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba ng'ombe walikuwa wake.

Kumbuka pia kwamba Fuliza haitoki kwa wakala. Ukihitaji pesa taslimu, mtumie ndugu akutolee. Hivyo utalipa ada ya Fuliza, ada ya kutuma na ada ya kutoa, na ndugu atabaki na chenji.

5. Wakwepe wanaokutumia pesa

Shilingi yoyote inayoingia kwenye laini yenye Fuliza hukatwa kwanza. Mwajiri akitaka kukulipa, mwambie: "Boss, hii laini iko na shida, tuma kwa ya mama." Deni litaendelea kunenepa bila kuguswa, na mama atajua mshahara wako wote. Hizo ni hasara mbili kwa ujumbe mmoja.

6. Zungusha madeni

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Sh2,500 kwa siku 14 ni takriban Sh8 za riba. Kwa Fuliza, siku hizo 14 zingekula Sh280 za ada ya kila siku. Jihadhari sana na hesabu hii, inaweza kukuponya. Ukilazimika kuichukua, hakikisha siku ya kuilipa unafuliza.

7. Usikubali kamwe kusema huna

Kikundi cha WhatsApp cha harambee kikianza kuorodhesha majina, wewe ni namba nane na namba saba ametoa elfu tatu. Fuliza elfu tatu. Mhazini atakuandika kwa kalamu nyeusi na kushukuru. Hatajua kwamba kwa mwezi mzima mchango wako utakuwa ukikudai Sh25 kila siku, hata baada ya wote kusahau nani alitoa nini.

Kwa wenye kichwa kigumu

Kama umesoma haya yote na bado unang'ang'ania kutoka, njia zipo, ingawa hazina fahari. Acha pesa za kwanza zinazoingia zilimeze deni lote, hata kama utakula ugali kwa mursik wiki nzima. Ukilazimika kufuliza, baki chini ya Sh1,000 na ulipe kabla ya siku tatu kuisha. Mbolea, karo na mbegu zikope kwenye Sacco, ambako malipo yanaweza kusubiri maziwa au mavuno. Pesa za maziwa nazo zipitie huko huko. Deni likifika sifuri, piga *234# ujiondoe kabisa.

Kisha jizoeze kazi ngumu kuliko zote: kumwambia mhazini "mwezi huu sina," na kumwomba mwenye duka akuandike kwenye daftari hadi Jumamosi. Mhazini ataweka kistari mbele ya jina lako. Mwenye duka atanuna siku mbili. Kununa kwake hakuna ada ya kila siku.