Shikamoo Baba, Hapo Umekosea

Hivi jamani, ni nani aliyekaa akaona mtu apewe mtihani kabla hajafundishwa? Mimi nimekulia kwenye utaratibu unaoeleweka. Unafundishwa, unasahau, unafanya mtihani, unafeli, unarudi nyumbani unachapwa. Kila mtu anajua zamu yake. Sasa hawa wa shule za biashara za majuu wamegeuza kibao. Mtihani kwanza, kusoma baadaye. Ukifeli, husomi kabisa. Na kabla ya mtihani kuna kozi ya kujiandaa na mtihani. Yaani unalipa ili ujiandae kulipa ili uruhusiwe kulipa.

Mtihani wenyewe unaitwa GMAT. Kirefu chake usiniulize, nilikikariri kikatoka. Wamarekani walianza kuutoa mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa hapa kwetu siku ya Saba Saba. TANU ikadai uhuru, ikaupata, mwaka 1977 ikaungana na ASP ikawa CCM, kazi yake ikaisha. GMAT bado ipo. Bado inadai watu.

Kilichonipeleka huko ni ofisi. Mimi mtu wa manunuzi. Nanunua karatasi, wino wa printa, matairi, maji ya wageni. Bosi wangu mpya ni wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Ana MBA. Likitokea tatizo anachora miraba minne ubaoni, anajaza maneno, anatugeukia. Tatizo lipo palepale, ila tunapiga makofi. Nikasema, miraba na mimi naweza. Shemeji yangu aliyeko Kanada akaniambia vyuo vya huko vina skolashipu, ila lete GMAT. "Ni masaa mawili na kidogo tu, shem." Tu! Huyo shemeji ndiye aliyeniambia Kanada hakuna baridi sana.

Kozi iko Mwenge, ghorofani, juu ya saluni. Jina siwatajii maana bado wananidai. Siku ya kwanza nikatinga suti. Nilijua biashara ni suti. Naingia, darasa zima watoto. Tisheti, raba, vishikwambi. Mmoja yuko benki, mwingine anasema yeye ni mshauri wa makampuni, na ndevu zake zenyewe bado zinashauriana zitoke au zisitoke. Nikasema habari zenu. Wakanyanyuka wote. "Shikamoo!" Kumbe wamedhani mimi ndiye mwalimu. Binti mmoja akakimbia kunifutia ubao. Nikasimama pale mbele na dasta mkononi, natabasamu, sijui niketi wapi, mpaka mwalimu alipoingia.

Mwalimu sasa! Kijana mwembamba, hedifoni shingoni. Kalelewa vizuri, hilo lazima niseme, na ndilo lililonimaliza. Hawezi kumkosoa mtu mzima bila kumwamkia. Kwa hiyo kila nikikosea ananiamkia kwanza. "Shikamoo baba, hapo umekosea." Marahaba. "Shikamoo baba, na hapo pia." Marahaba mwanangu. Jioni moja naitikia marahaba nyingi kuliko bibi yangu siku ya Idi. Ikafika mahali nikinyoosha mkono tu, darasa zima linageuka kumwangalia mwalimu, linasubiri aniamkie.

Nilikuwa na kitabu changu. Nilikinunua kwa wale jamaa wa vitabu vya mitumba wanaopanga chini. Kinene, bei poa, kimejaa pembetatu. Nikakariri pembetatu zote. Nikakariri duara. Nikakariri na sehemu ya kusahihisha sentensi za Kiingereza, usiku, kwa tochi, LUKU imekata. Nikakipeleka darasani kwa mbwembwe. Mwalimu akafungua kurasa mbili, akakifunga taratibu kwa mikono miwili. Nikajua shikamoo inakuja. Mtihani umebadilishwa, baba. Toleo jipya lilianza mwishoni mwa 2023, la zamani likazikwa mwanzoni mwa 2024. Pembetatu zimetolewa. Kusahihisha sentensi kumetolewa. Hata insha imetolewa. Yaani kila nilichokuwa nakijua ndicho walichokitoa. Nani aliwaambia?

Sasa yamebaki makundi matatu. Hesabu maswali 21, lugha maswali 23, data maswali 20. Kila kundi dakika 45. Nilijaribu kupiga hesabu kila swali linapata dakika ngapi, muda ukaisha sijafika jibu.

Halafu kwenye hesabu hakuna kikokotoo. Hicho unaonjeshwa kwenye data tu. Mimi hata chenji ya nyanya natumia simu! Nikawa nakokotoa kwa MAGAZIJUTO ileile ya mwalimu wangu wa darasa la tano. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ukinikatisha kwenye "gawanya" naanza upya. Watoto wameshamaliza, wanakunywa juisi, mimi niko kwenye mabano.

Mkitaka kujua nani alistahili kukaa pale, pandeni daladala ya jioni. Narudi zangu nimening'inia mlangoni, karatasi za kozi kwapani. Mama mmoja katoa noti ya elfu kumi. Analipia watu watatu, mmoja mwanafunzi, na mmoja anashukia njiani. Konda kashika noti kwa meno, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine unahesabu chenji. Anaita abiria, anamtukana bodaboda, anarudisha hela. Sawasawa kabisa, mama kaihesabu mara mbili. Mimi nilikuwa bado nafungua mabano. Akanigeukia: "Mzee, na wewe msomi, nauli."

Haya. Kompyuta ya mtihani nayo ina roho yake. Inakusoma. Ukipata swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosa, inakuletea rahisi. Sasa fikiria mateso hayo. Likija gumu, silijui. Likija rahisi, nafurahi nusu sekunde, kisha nagundua: mashine imeshanidharau. Kuna jioni iliniletea swali la Juma ana embe ngapi. Jirani yangu wa kulia ana swali refu limejaa kurasa kama tatu za majedwali. Mimi Juma na embe zake. Nikaziba skrini kwa mkono watoto wasione. Na embe zenyewe nikakosa.

Ila kuna maswali yamenitoa machozi zaidi. Yale ya "taarifa zinatosha?" Hayo hayakuulizi jibu. Yanakuuliza kama jibu lingepatikana. Unapewa swali na taarifa mbili. Ya kwanza peke yake ikitosha, A. Ya pili peke yake, B. Zikitosha zikiwa pamoja tu, C. Kila moja ikitosha kivyake, D. Hata pamoja zisipotosha, E. Basi mwalimu akaandika ubaoni: je, n ni namba shufwa? Taarifa ya kwanza, n ni namba tasa. Taarifa ya pili, n ni kubwa kuliko 2.

Mwenzenu nikasisimka. Hii naijua! Namba tasa nilifundishwa kwa Kiswahili, kwa fimbo, haitoki. Tasa zote ni witiri isipokuwa 2 peke yake, na hiyo 2 imeshatolewa. Nikaruka. "Siyo shufwa! Jibu ni hapana!" Darasa kimya. Mwalimu akavuta pumzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba! Siyo hapana?"

"Ni hapana, baba. Ila jibu siyo hapana. Jibu ni C."

"Kwa hiyo ni shufwa?"

"Siyo shufwa. Lakini tumeweza kujua kwamba siyo. Kwa hiyo zinatosha."

"Ndiyo nimesema hapana."

"Hapana yako inatosha, baba. Ndiyo maana ni C."

Nikakaa. Binti wa benki akanipa karanga.

Nikasema basi nikafanye mazoezi nyumbani. Mama Neema akauliza, hela ya mboga umeacha wapi? Nikamwambia, mke wangu, swali la msingi siyo hela iko wapi. Swali ni kama taarifa tulizonazo zinatosha kujua iko wapi. Akaniangalia. Usiku ule nililetewa ugali, nikaulizwa kama unatosha. Peke yake.

Kwenye lugha nako kuna hoja za kudhoofisha. Nikajua hapo nitang'ara, mimi kubishana ni kipaji, waulizeni wa kijiweni. Swali linasema kampuni iliongeza matangazo, mauzo yakapanda, kwa hiyo matangazo ndiyo yamepandisha mauzo. Kitu gani kinadhoofisha hoja hiyo? Nikasema, ilikuwa Desemba. Desemba hata mchuuzi bubu anauza. Mwalimu akasema Desemba haimo kwenye machaguo. Nikasema basi meneja kapika hesabu, mimi niko manunuzi, hayo nayaona. Haimo. Jibu sahihi lilikuwa mshindani wao alifunga duka wakati huohuo. Sasa mshindani huyo mimi ningemjulia wapi? Kumbe kanuni ni kwamba usitumie unachokijua wewe, tumia kilichoandikwa tu. Miaka yote hii naambiwa uzoefu ni mali. Nimelipa ada nikauache mlangoni.

Ikaja moko. Masaa mawili na robo, mapumziko ni dakika 10, mara moja. Kwa umri wangu dakika 10 ni za kwenda chooni, kurudi hujahesabu. Matokeo yakatoka palepale kwenye skrini: 305.

Nikafika nyumbani nikasema nimepata 305. Watoto wangu hawa mia moja hawajawahi kuiona, wanaletaga 64, wanaletaga 58. Mama Neema akapiga kigelegele. Mama Shabani wa jirani akauliza kulikoni, akaambiwa, naye akapiga chake. Jogoo akachinjwa. Nafasi ya kueleza ilikuwepo, wazi kabisa, na jogoo bado yuko hai. Sikueleza. Nilikuwa sijala kuku tangu nilipe awamu ya pili ya ada.

Tumekaa mkekani. Firigisi imewekwa kwangu, baba mwenye nyumba, kama ada. Neema yuko Kidato cha Tatu na simu yake.

"Baba, mbona huu mtihani alama ya chini kabisa ni 205?"

"Ndiyo."

"Na ya juu 805."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mtu akifanya vibaya kuliko wote bado anapewa mia mbili na tano za bure."

"Kula, Neema."

Mama Neema akaacha kutafuna. Akaangalia jogoo, akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Akanyoosha mkono, akachukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Neema.

Na hiyo ni moko. Wa kweli bado. Mwalimu anasema jina ulilojiandikishia lifanane na la kwenye pasipoti, na pasipoti yangu wamenikosea herufi moja tangu enzi hizo. Ukifika mifuko inageuzwa, saa inavuliwa, kiganja kinapigwa picha ya mishipa. Hata ramli ina heshima zaidi, mganga anasoma kiganja lakini saa anakuachia. Ukifeli unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, hadi mara 5 ndani ya miezi 12. Kila mara dola zaidi ya 200. Wanaita fursa. Alama ukishazipata zinadumu miaka 5, halafu zinakufa. Deni la ada, Mama Neema kaniambia, lenyewe halina ukomo.

Juzi nikamfuata mwalimu pembeni. Nikamuuliza kiutu uzima, mwanangu, mimi nitaweza kweli? Akanyamaza. Akafikiri. Mdomo ukaanza kufunguka kwenye "shi". Nikamwambia basi, usijisumbue, marahaba.

Sasa wewe unayesoma hapa, umri wangu, bosi wako anachora miraba, na shemeji kakupigia. Kabla hujalipa hata shilingi, kiulize kwanza chuo unachokitaka kama kinadai huo mtihani. Vyuo vingi vya hapa nyumbani havina habari nao. Na huko Marekani kwenyewe, tangu korona, vipo vilivyolegeza. Mimi sikuuliza, maana hakuna aliyeniambia kwamba hilo ni swali. Wewe nimekuambia. Taarifa hii peke yake inatosha. A.