Sifa za Daftari la Mahudhurio

Wengine wamsifu simba, wengine mlima Rungwe. Mimi nalisifu daftari la mahudhurio, lile lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe, linalokaa masjala likingoja saa 1:30 asubuhi, saa ya serikali kuanza kazi.

Halihitaji umeme. Halina fitina. Ila sifa yake kuu ni kusimamisha wakati. Yoshua alilisimamisha jua kule Gibeoni, lakini ilibidi aombe. Daftari hufanya hivyo kila siku ya kazi bila dua. Wa kwanza huandika 1:20. Wa pili, 1:25. Wa tatu haangalii saa, anaangalia alichoandika aliyemtangulia, kisha anajaza 1:28. Hapo dakika zinaanza kukanyagana: 1:29, 1:29, 1:29. Jua limeshapanda juu ya milima ya Livingstone, muuza vitumbua amemaliza beseni, na daftarini bado ni 1:29. Mvua za Aprili zikiilemea Kyela, mtumishi huingia saa 3:40, suruali kaikunja hadi magotini, akaandika 1:29 kwa mwandiko mtulivu kabisa. Wanafizikia wa Ulaya wanaotafuta siri ya wakati wangeanzia masjala.

Kwenye benchi la nje, hata hivyo, wakati unakwenda. Yupo mama aliyetoka Matema gizani, mtoto mgongoni. Nipo mimi na karatasi yangu inayotaka muhuri. Muhuri umo kabatini, ufunguo umo mfukoni mwa mtu, na mtu huyo alisharipoti saa 1:29. Yuko wapi? Anakunywa chai! Ukiuliza, unajibiwa: "Si amesaini?"

Tuendelee na sifa. Ikitimu 1:30, bosi hupiga mstari mwekundu. Atakayesaini chini yake amechelewa, na safari ya nidhamu inaanza: barua ya kujieleza, onyo, hata nyongeza ya mshahara kuzuiwa. Mstari wetu ni mpole. Humngoja mwenye kalamu nyekundu, naye hufika saa 4.

Wakubwa wengine hawana subira ya kusoma daftari. Mwaka 2009 Albert Mnali, mkuu wa wilaya ya Bukoba, aliamuru askari awachape viboko walimu 19 kwa kuchelewa na kwa matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete akamfuta kazi. Novemba 2015 Paul Makonda, akiwa mkuu wa wilaya ya Kinondoni, aliwaweka rumande kwa saa sita maofisa ardhi 20 waliochelewa kikao chake. Daftari halijamchapa mtu.

Lina upungufu mmoja tu: halina ukurasa wa mgeni rasmi. Barua ya mwaliko husema saa 3. Watoto wa shule hupangwa juani, ngoma hupigwa hadi ngozi ilegee, wazee hugawiwa maji ya chupa wakubwa wasije wakawakuta wamezirai. Msafara huingia saa 7, vioo vimepandishwa. Mgeni anashika kipaza sauti na mada ya hotuba, kwa kawaida, ni watumishi wazembe wanaochelewa kazini. Tunampigia makofi, kisha anatazama saa yake na kusema ana haraka.