Steringi Asiye na Kikao

Filamu ya Death Wish ilipotoka mwaka 1974, wahakiki wengi wa Marekani waliishukia: inahalalisha watu kujichukulia sheria mkononi. Hata Brian Garfield, mwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo, hakuipenda. Watazamaji wakanunua tiketi. Steringi wake, Charles Bronson, akarudi mara nne, hadi 1994, na kila safari ndugu, rafiki au mchumba anauawa ili mzee apate kazi. (Kuposwa na Bronson ni kujitakia.) Mwaka 2018 bastola akakabidhiwa Bruce Willis, wahakiki wakanuna upya.

Kibanda umiza cha Tarime au Mugumu, kwa Wakuria, kingekuwa na lawama nyingine kabisa: kikao kiko wapi? Sungusungu, walinzi wa jadi, walianzia Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, wakafika kwa Wakuria, wakakuta iritongo, baraza la jamii, lina wenyewe. Mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe anasimamishwa hadharani, na kila mwenye neno analisema.

Bronson anamaliza kesi kwa risasi, bila mwenyekiti, bila shahidi, bila hata mzee mmoja wa kuomba nafasi "kwa ufupi tu" kisha aanzie enzi za babu yake. Ndiyo maana filamu yake inaisha kwa saa moja na nusu.