Si Unalo Jingine?

Hapa Pasua, Moshi, ukitaka kujua watu hawana huruma, waambie jicho lako la kushoto halioni vizuri. Pole hupati. Watakutazama juu mpaka chini, kisha watakuambia kama wanaokufariji: "Si unalo jingine?" Utadhani Mungu alilipachika la pili kama tairi la akiba, likae kwenye buti likisubiri pancha.

Na jicho lenyewe si chongo. Liko wazi, linapepesa, linatoa machozi kwenye kitunguu kama la mtu yeyote. Daktari wa macho alilimulika akasema ni zima. Tatizo liko kwenye ubongo. Mama watoto, aliyekuwa amekaa pembeni, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa majibu aliyoyajua siku nyingi. Kumbe nikiwa mtoto jicho moja lilikuwa likipeleka picha safi, jingine picha yenye ukungu. Ubongo ukachoka kusuluhisha, ukalisikiliza moja na kulipuuza la pili. Dawa ilikuwa kuliziba lile zima saa kadhaa kwa siku ili vivu lilazimike kufanya kazi, na ilitakiwa ianze mapema, kabla ya miaka saba hivi. Mimi umri huo nilikuwa napiga manati, na nilikuwa na shabaha kali, maana kwenye manati jicho moja hufumbwa.

Usiulize kwa nini shuleni hawakugundua. Ule ubao wa herufi, aliouleta Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, ni kipimo kizuri sana, ila kwa mtoto wa shule ya msingi umefika. Ukimwambia azibe jicho kwa kiganja, anachungulia katikati ya vidole. Ukimwambia asubiri zamu yake, anakariri mistari wanayosoma wenzake. Sasa najua kushoto kwangu ni 6/60, yaani kile ambacho mwenye jicho zima anakiona akiwa mita 60, mimi mpaka nikisogelee zibaki mita 6.

Kero ya kwanza ni salamu. Pua yangu inalizuia jicho la kulia lisione kinachopita kushoto kabisa. Huko ameachiwa yule mvivu, na taarifa anazoleta ni nusunusu: kuna kitu, kina rangi za kitenge. Ni nani? Hasemi. Na Moshi hii mtu mzima akipitwa bila shikamoo, habari inafika nyumbani kabla yako: "Siku hizi kijana wenu anaringa, kapata hela." Hela zenyewe ziko wapi? Nikaamua kuamkia kila kinachojitokeza kushoto, na kwa utaratibu huo nimewahi kuliamkia gunia la mkaa lililofunikwa kitenge. Mwenye mkaa akaliitikia: "Marahaba, mangi. Unachukua gunia zima au nikupimie debe?"

Kero ya pili ni vitu vya karibu. Macho mawili yamepishana sentimita sita hivi, kila moja linaona kwa pembe yake, na ubongo hutumia tofauti hiyo kupima umbali. Kipimo hicho mimi sina. Naishi kwa kukadiria vivuli. Nampa konda nauli, noti inaishia hewani, anadhani namtania. Nikishuka jioni vivuli vimekwisha, mtaro na barabara vimekuwa rangi moja, basi natanguliza mguu upapase kwanza. Waliokaa kibarazani wanacheka: "Mangi, mbege imeiva mapema leo!" Nyumbani nikimmiminia mgeni chai nisigusishe mdomo wa chupa kwenye kikombe, kitambaa cha meza kinakunywa kabla yake.

Haki yangu naipata nikitazama kaskazini. Asubuhi mawingu yakifunguka, Kibo inajitokeza na mita zake 5,895, na Mawenzi pembeni na mita 5,149. Kwa umbali ule, zile sentimita sita hazifui dafu. Mwenye macho mawili na mwenye moja na nusu tunauona mlima uleule. Mtalii aliyelipa nauli ya ndege kuja kuutazama hanizidi kitu. Bahati mbaya mambo yangu mengi hayako Kibo, yako kwenye kikombe.

Halafu kuna miwani. "Kama haikusaidii kuona, unaivalia nini?" Naivaa kwa ajili ya lile zima, jamani! Mwenye moja la kutegemea hapiti karibu na fundi wa kuchomelea wala mpasua kuni akiwa amelianika hadharani. Likiguswa cheche, huyo mvivu ndiye atakayenivusha barabara, na yeye gunia na binadamu ni mamoja.

Ndiyo maana nimekuwa kero mtaani kwetu. Mtoto wa jirani alikuwa na jicho moja linalokwenda pembeni, bibi yake anasema ni urembo, ataacha akikua. Kweli, macho ya kichanga huweza kuzurura miezi ya mwanzo, lakini huyu anakimbia, anaimba, anatukana. Nikasema, nikarudia, mpaka wakampeleka hospitali ya KCMC ili wapumzike na mdomo wangu. Akarudi na miwani, na plasta juu ya jicho zima. Tangu hapo kijana hanitaki. Ameshaambiwa kwamba plasta ile ni kazi yangu, na kila akinikuta anapita kushoto kwangu kimya kimya bila shikamoo, akijua fika upande huo sina ushahidi. Mama yake ananiomba radhi. Mimi simdai. Siku atakayommiminia bibi yake chai kikombe kikajaa bila tone kumwagika, aje anipe shikamoo zangu zote kwa mkupuo, tena apitie kulia.