Sifa za Mheshimiwa Ritifaa

Wakubwa wamesifiwa vya kutosha. Leo namsifu mdogo wao: Mheshimiwa Ritifaa, yule anayening'inia juu ya mstari wa Kiingereza akitangaza kwamba kitu hiki ni cha fulani.

Nasaba yake tukufu. Aliingia Uingereza katika karne ya 16 kwa kuiga Wafaransa, kazi yake ikiwa kuonyesha palipodondoka herufi. Kiingereza cha kale kilikuwa na kiambishi -es cha umiliki. E ilipokufa, Mheshimiwa akaja matanga, akakaa, mwisho akarithi nyumba.

Kipaji chake kikuu ni kutosikika. Boys, boy's, boys': mdomo hutoa sauti ileile, na Waingereza wakizungumza huelewana vizuri tu nani ana nini. Mwingine angejiuzulu kwa kukosa kazi. Yeye alihamia kwenye karatasi, huko anakoweza kufelisha watu. Bila yeye, wino mwekundu wa walimu ungekaukia kalamuni, na wauza mboga wa Uingereza, wanaoandika apple's kwenye vibao vya bei, wasingepata heshima ya kosa zima la sarufi kuitwa kwa jina la kazi yao.

Haki yake haina upendeleo, wala mantiki. Its, yenye mali, ameinyima. It's, isiyomiliki hata kijiko, ameivika. Ukipanda treni ya Piccadilly jijini London, Earl's Court utamkuta. Kituo kinachofuata, Barons Court, hayupo, na abiria hawapotei. Mwaka 2012 maduka ya vitabu ya Waterstones yalimwondoa kwenye jina lao, na hakuna aliyekuja kudai vitabu ni vyake.

Amepata hata wafuasi wa kumlilia. Mwaka 2001 mhariri mstaafu John Richards alianzisha chama cha kumlinda. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, alikifunga, akikiri kwamba ujinga na uvivu vimeshinda.

Nasi Waswahili? Umiliki tuliukabidhi a-unganifu: kitabu cha Asha, nyumba ya Asha, mashamba ya Asha, maneno yanayosikika hata gizani. Mheshimiwa tukampangia ng'ombe, kung'oa na kunung'unika, mahali ambapo akitoroka ulimi unajikwaa papo hapo. Kwao anaishi kimwinyi. Kwetu anakula jasho lake, na hadi leo hajaomba chama cha kumlinda.