Pongezi kwa Kodi ya Umbea

Kwa Wizara ya Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,
Kampala, Uganda.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sisi majirani wa pwani, ambao nyaya za intaneti zilizotua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010 huanzia kwetu ndipo zifike kwenu, tumechelewa kuwapongeza. Machi 2018 Rais Museveni aliwaandikia kulalamikia lugambo, yaani umbea, wa mitandaoni. Ilipofika Julai, kila Mganda aliyetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter alidaiwa shilingi 200 kwa siku. Dunia imekula umbea tangu enzi na enzi bila kujua bei yake. Nyinyi mliipata, tena mkaifanya sawa kwa wote: anayeshinda mtandaoni kutwa nzima na anayechungulia dakika tano kuuliza bei ya mahindi, mwenye hoteli na mchoma ndizi gonja wa kando ya barabara.

Usawa huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mia mbili ni fedha ndogo, lakini kwa siku thelathini ni 6,000, na hapo bado hujanunua bando, ambalo nalo lina VAT ya asilimia 18. Mwaka uleule wa 2018, tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba bando la msingi lisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi ifikapo 2025. Kwenu kodi peke yake, bila hata megabaiti moja, ilikwisha kuvuka kiwango hicho. Na wastani, kama mjuavyo, humchanganya tajiri na maskini sufuria moja. Isitoshe, kodi ilidaiwa kupitia laini ya simu. Mwenye ofisi yenye waifai alipita pembeni, na aliyejua kuficha nyayo zake za mtandaoni kwa VPN akapita juu. Akabaki kulipa yule asiye na ofisi wala ujanja. Mlitarajia shilingi bilioni 284 mwaka wa kwanza, zikaingia bilioni 49.5, hata humusi hazifiki. Lakini msisikitike: ni kozi gani ya serikali iliyowahi kufundisha VPN kwa wananchi wengi namna ile, tena bila kuajiri mwalimu?

Mtasema serikali haijengi barabara kwa maneno matamu, na hospitali zinataka dawa. Ni kweli, wala sisi pwani si malaika: Kenya ilipandisha ushuru wa intaneti hadi asilimia 20 mwaka 2021, kabla ya kuurudisha 15 mwaka 2023. Ila ushuru unaowekwa mlangoni mwa soko hupunguza wanaoingia, na asiyeingia hauzi, wala hanunui kitu cha kutozwa VAT. Somo hilo mlilipata mwaka uleule wa 2018 kwenye fedha za simu: kodi ya asilimia 1 ya Julai ilikuwa imeshuka hadi 0.5, tena kwa kutoa fedha tu, ilipofika Novemba. Mtasema pia kwamba kampuni za ng'ambo zinachuma kwenu bila kulipa. Hilo nalo ni kweli, ndiyo maana mwaka 2023 mkazitoza asilimia 5. Kumbe mlango wa mwenye duka mliujua. Ilikuwaje miaka mitano mkawa mnampekua mteja?

Julai 2021 mliifuta 200 na kuweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe, ila kwa huduma za afya na elimu. Sasa hata asiyesengenya analipia umbea wa wenzake. Na tungependa kuelezwa megabaiti ya mwanafunzi wa Gulu, aliyenunua bando la kawaida dukani kama watu wote, hujitambulishaje kwamba inakwenda shule. Njia rahisi ni kuiondoa asilimia hiyo yote, mkaendelea kuwadai wanaopata faida.

Limebaki jambo dogo la kihasibu. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa. Kesho yake jioni intaneti nzima ikazimwa kwa takriban siku tano. Kodi ya 200 ilikuwa bado hai. Aliyelipia mwezi mzima alilipia umbea ambao hakuletewa, na sokoni mtu anayepokea fedha kisha akaficha bidhaa ana jina lake. Tunasubiri utaratibu wa marejesho. Kama fomu itabandikwa Facebook, tafadhali watumieni walipaji kwa posta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Jirani wa Pwani