Nyumba ya Januari

Mume wangu, Baba Kulwa, alipopata uhamisho kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam, nami nikaandika barua ya kuomba kumfuata mwenza, mama mkwe alituita sebuleni akatoa masharti mawili: yeye anakuja, na kabati linakuja. Kabati lenyewe ni la mninga, milango mitatu, alichongewa na marehemu baba mkwe mwaka waliooana. Wanaume sita walilipakia kwenye behewa huku wakimtaja Mungu. Ndani zilikuwa nguo, vyeti vyetu vyote, na chini kabisa dumu la asali la lita ishirini. Zaidi ya kilomita 800 za reli Mama alikaa ameshika rimoti ya televisheni mkononi. Televisheni haipotei, alisema, rimoti ndiyo hupotea.

Ilikuwa Januari 2017. Tulifikia kwa shemeji Temeke, chumba na sebule, watu tisa tukilala kwa mpangilio wa dagaa, kabati likiwa uani limefunikwa turubai. Nyumba ikawa inatafutwa mbiombio, kila mtu na kiungo chake cha kuchagulia. Baba Kulwa huchagua kwa macho: akiona tailizi zinang'aa na dari ya jipsamu, ameshahamia. Mimi nilichagua kwa miguu, nahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala. Mama alichagua kwa masikio. Hakuuliza vyumba vingapi wala choo kiko wapi. Swali lake lilikuwa moja: "Hapa panaitwaje?"

Tukiwa Tabora ningecheka. Dar nilikoma kucheka mapema, maana majina ya mitaa ya jiji hili yaliwekwa na watu waliokuwa na haraka, wakasema walichokiona. Palipokuwa na mikorosho wakasema Mikoroshini. Palipopita reli, Relini. Tabata Dampo palikuwa dampo kweli; taka za jiji zilimwagwa huko mpaka wakazi wakaenda mahakamani miaka ya 1980. Dalali anaweza kukudanganya chochote, ila hana uwezo wa kubadilisha jina la mtaa.

Dalali wetu alikuwa kijana wa Kizaramo, na aliposikia tumetoka Unyamwezini akafurahi kama aliyeokota pochi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. "Mtani!" akamwambia Mama. "Pembe mmeshusha wapi safari hii?" Mama akamtazama viatu kwanza, kisha uso. "Pembe tuliwauzia, hela mkala. Mpaka leo huna hata nyumba ya kunionyesha." Kuanzia hapo wakaelewana, nasi tukawa wasindikizaji.

Tatizo letu lilikuwa la kijiografia. Ofisi ya Baba Kulwa iko Posta, na mimi nilikuwa nimepangiwa shule Mbagala. Anayeijua Dar ameshaguna. Sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoani humu, na asubuhi wote hao huonekana wamekubaliana kwenda njia uliyochagua wewe. Ukiuliza umbali hutajiwi kilomita, unatajiwa saa. Dalali peke yake ndiye anayetaja dakika, na dakika zake ni tano kila mahali.

Alianza na Kimara. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa hayajatimiza hata mwaka mmoja, yanatoka Kimara hadi Kivukoni kwenye njia yao wenyewe, na Baba Kulwa alishajiona amekaa dirishani anawapungia mkono walio kwenye foleni. Nyumba ilikuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kubwa, kodi rahisi mpaka ikatia shaka.

"Panaitwa Kimara Mwisho, mtani."

"Mwisho wa nini?"

"Wa basi, Mama. Basi linaishia hapa."

Mama hakujibu. Alikuwa ameiona kanga ukutani kwa nje. Haikuwa kwenye kamba. Ilikuwa imetandazwa ukutani na kubanwa kwa misumari miwili. Mama na kanga hawapitani bila kusomana, kwa hiyo akasogea asome jina lake. Herufi zilikuwa kwenye mkunjo. Akainua pindo. Chini yake palikuwa na alama ya X nyekundu, ndefu kuliko mwanangu Doto, ile wanayopigwa walio ndani ya hifadhi ya barabara. Baba Kulwa akauliza waliichora lini, kama vile X nayo ina tarehe ya kuisha muda wake. Baadaye mwaka huohuo matingatinga yalipita Kimara kupisha upanuzi wa barabara, na mimi nikaikumbuka ile kanga.

Tukaenda Msasani, mahali panapoitwa Bonde la Mpunga. Mama hakushuka kwenye bajaji.

"Ni jina tu, Mama," alisema mwanawe.

"Mpunga unaota wapi?"

Dereva wa bajaji akajibu yeye, bila kuulizwa: "Kwenye maji, bibi." Tukageuza.

Ile nyumba tuliyoichukua tuliiona Jumapili moja Mama akiwa kwa shemeji anaumwa miguu. Sitamtupia Baba Kulwa mzigo wote. Na mimi nilikuwepo, na nilihesabu hatua mia mbili na kumi hadi kituoni, nikaridhika. Ilikuwa Tabata. Vyumba vitatu, tailizi, LUKU ya kwetu wenyewe, geti jeusi. Kuta zilipakwa rangi ya mafuta ya kahawia kuanzia sakafuni hadi kiunoni, juu krimu, na Baba Kulwa akasifia ubunifu wa mwenye nyumba. Kila mlango wa nje ulikuwa na tuta la saruji, kimo cha goti la mtoto. Kulwa na Doto wakalifanya mchezo wa kuruka. Mimi nilidhani ni la kuzuia panya. Elfu 250 kwa mwezi, miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali: milioni moja na laki saba na nusu, akiba yetu yote ya uhamisho. Baba Kulwa alihesabu noti juu ya boneti ya gari la mwenye nyumba, mikono inamtetemeka kwa furaha.

Jioni tukamweleza Mama. Alikuwa anakula ugali na mlenda. Akasikiliza tailizi, akasikiliza jipsamu, akasikiliza geti.

"Panaitwaje?"

"Tabata," alisema Baba Kulwa.

"Tabata wapi?"

Kimya. "Tabata Kisiwani."

Mama akaweka tonge kwenye sahani. "Kisiwa ni nini, Baba Kulwa?"

"Mama, hakuna bahari kule."

"Sijauliza bahari."

Tulihamia Februari. Kabati likagoma kupita mlangoni, fundi akang'oa fremu ya dirisha la sebule, elfu arobaini hiyo. Kwa jirani nilikoenda kujitambulisha nilikuta sofa, friji na kitanda vyote vimesimama juu ya matofali, mawili mawili kila mguu. Nikaona ni mtindo wa mjini, nikapanga kumwambia Baba Kulwa na sisi tununue. Namna hiyo ndivyo nilivyokuwa mshamba.

Wiki zile za kwanza maji sikuyawaza hata kidogo, nilikuwa na vita na Barabara ya Mandela. Jumapili ile ya kukagua tulifika Mbagala kwa dakika thelathini na tano. Jumatatu yangu ya kwanza kazini nilitoka saa kumi na moja alfajiri nikaingia darasani saa mbili kasorobo, kiatu kimoja kimekanyagwa mpaka kisigino kimelegea. Buguruni tulisimama. TAZARA, ambako walikuwa wanajenga ile barabara ya juu iliyokuja kufunguliwa mwaka 2018, tulisimama mpaka konda akashuka akanywa chai akatukuta palepale. Uhasibu tena. Wakati huo Baba Kulwa anafika Posta, ananitumia ujumbe: "Umefika?" Nyumba nzuri, alikuwa akisema kila usiku. Mimi nilikuwa naiona gizani tu, nikitoka na nikirudi, kwa hiyo nilimwamini.

Masika yakaingia. Siku tatu za mvua za kawaida, ya nne ikanyesha toka magharibi bila kupumua. Usiku wa manane nikasikia mlio mdogo chini ya kitanda, tok, tok, kama mtu anagonga kwa adabu. Nikashusha mguu nitafute kandambili. Kandambili ndiyo iliyokuwa inagonga. Inaelea, inagonga mguu wa kitanda. Maji yalinifika kwenye kifundo, ya baridi, yana harufu ya dizeli na majani mabovu. Mto Msimbazi ulikuwa umekuja kutujulia hali.

Baba Kulwa akakimbilia taa. Jirani akapiga kelele dirishani: "Meni swichi kwanza! Zimeni meni swichi!" Sauti yake haikuwa na hofu hata kidogo. Ndipo matofali yaliponiingia akilini, na rangi ya kahawia hadi kiunoni, na matuta ya mlangoni, yote kwa pamoja, nikiwa nimesimama gizani nimeshika kanga ya kujifunga isilowe. Nyumba ilikuwa imetwambia kila kitu siku ya kwanza.

Watoto tuliwapandisha juu ya kabati. Ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ambacho hakikusogea. Sofa lilizunguka sebuleni kama linatafuta mlango, magodoro yakawa uji, gunia la mchele likavimba, na Kulwa na Doto wakakaa juu ya mninga wa babu yao wakiimba wimbo wa shule, maana kwao ile ilikuwa sikukuu. Mama alisimama karibu nao mpaka alfajiri, maji magotini, rimoti kifuani. Hakusema "niliwaambia." Ningependa angesema.

Niseme ukweli, yetu ilikuwa ndogo. Bonde la Msimbazi limeua watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalizihamisha familia nyingi mpaka Mabwepande. Sisi tulipoteza magodoro.

Kulipokucha dalali akaja kutupa pole, suruali imekunjwa. Akakuta dumu letu la asali limekaa kwenye varanda. Tulikuwa tumelitoa kabatini tangu Februari, na usiku, katika hekaheka, tulilivusha tuta la mlango sisi wenyewe. Akaliweka begani. "Kilichofika nje ni changu, mtani." Mama akamwangalia, sisi tukasubiri matusi, naye akacheka mpaka akashika ukuta, kwa mara ya kwanza tangu Tabora. Utani ni utani. Lita ishirini zikaondoka.

Mwenye nyumba yeye hakuwa mtani. Tulipomwomba kodi iliyobaki akatusikiliza vizuri sana, akatupa viti. "Mvua siyo ya kwangu," akasema. Laki saba na nusu zikabaki kwake. Kabati lilikuwa limevimba, mlango wa kati haukufunguka kwa wiki tatu, na vyeti vyetu ndani. Kwenye mguu wake pakabaki mstari wa tope ambao Mama alikataa usifutwe.

Safari ya pili ya kutafuta, Mama alienda mbele. Dalali, kwa aibu au kwa asali, alisema hachukui mwezi wake. Akapendekeza Kigamboni: Baba Kulwa atavuka na pantoni kwa shilingi mia mbili hadi Magogoni na kutembea ofisini, nami nitazungukia Kongowe kwenda Mbagala, kinyume na foleni. Sikuwahi kufikiri kwamba jiji lina mlango wa nyuma. Mama alikataa kupanda pantoni siku hiyo, kwamba maji ameshayaona ya kumtosha, kwa hiyo tukapita darajani.

Nyumba ilikuwa ya kawaida. Sakafu ya saruji, hakuna jipsamu, maji ya kisima yana chumvi, chai yake unaweza kuilia ugali. Baba Kulwa alisimama mlangoni amenuna. Mama akaomba ndoo ya maji. Mwenye nyumba akadhani ana kiu akamletea kikombe. Akasema ndoo, ijae. Akaibeba mwenyewe hadi katikati ya uwanja, akaimwaga yote chini kwa mpigo, akakunja mikono.

Tukasimama tunatazama, mwenye nyumba, dalali, mimi, watoto. Maji yalitulia kidogo mchangani, yakatafakari, kisha yakachukua njia kuelekea getini, yakapita chini yake, yakaenda zao barabarani.

"Hapa panaitwaje?" Mama akauliza.

"Kibada."

"Maana yake nini?"

Mwenye nyumba akakuna kichwa. "Kwa kweli sijui, Mama."

"Afadhali. Yenye maana nimeshakaa." Akamgeukia mwanawe. "Lipa."